Nimebadilisha prosesa, RAM na pawa saplai siku moja, sasa kompyuta inashtuka nusu sekunde inazima

nuru_k
Habari zenu wakuu, naombeni msaada, niko hapa sakafuni tangu jana jioni na bisibisi mkononi na akili imegota. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi (bodi kuu) ya B450, RAM 8GB na kadi ya picha GTX 1060, imenifanyia kazi miaka yote hiyo haina neno ila ikaanza kuwa nzito. Nikajipanga taratibu nikapata Ryzen 5 5600 na RAM mpya 16GB, vijiti viwili vya 8, na kwa kuwa pawa saplai ya zamani ilishaanza kutoa mlio nikaona niibadilishe kabisa yaishe. Mpya ni ya wati 650, zile za nyaya za kuchomoa, hata ya zamani ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Nimefunga kila kitu, nikabonyeza kitufe, feni zikashtuka kama nusu sekunde zikasimama. Nikabonyeza tena, kimya, hata taa hakuna. Nikizima swichi ya nyuma ya pawa saplai nikasubiri kidogo nikaiwasha, inashtuka tena mara moja halafu kimya kile kile. RAM nimeichomoa na kuirudisha mara nne, pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye feni, nimepaka vizuri, plagi kubwa ya pini 24 imeingia mpaka ikalia klik.

Windows iko kwenye SSD ya M.2, ile inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, halafu kuna hadi diski (hard disk) ya 2TB yenye vitu vyangu vyote, picha za marehemu mama zimo humo na sijawahi kuzihamishia kwingine, kwa hiyo mnielewe nikiwa na haraka.

waya_mweusi
Pole sana. Angalia plagi ya pini 8 ya prosesa, ile inayoingia juu ya bodi karibu na soketi, wengi wanaisahau kwa sababu imejificha pembeni ya feni. Pia kama kasha ulibadilisha hakikisha vile viguu vya shaba chini ya bodi viko penye matundu tu, kimoja kikigusa mahali pasipo na tundu unapata shoti na mashine inafanya hivyo hivyo unavyosema.

nuru_k
Plagi ya pini 8 ipo, nimeichomoa nikairudisha. Kasha ni lile lile, bodi sikuitoa kabisa.

kasi16
Mkuu hiyo prosesa imekufa, wakati wa kuiweka pini zimepinda. Rudisha upewe nyingine. Au fungua hiyo pawa saplai uangalie fyuzi ya ndani, mara nyingi inakuwa imekatika.

mzee_wa_volti
kasi16 naomba nikupinge kwa heshima, na nuru_k mwanangu usiifungue hiyo pawa saplai hata kama umechomoa umeme. Kapasita kubwa za ndani zimeshika mamia ya volti na hubaki na chaji baada ya kuchomoa, mtu anaguswa na kitu alichodhani kimelala. Na fyuzi ingekuwa imekatika feni zisingeshtuka hata hiyo nusu sekunde.

Dalili yako inasema kitu kingine. Inashtuka, inazima, halafu haiitiki tena mpaka uzime swichi ya nyuma. Hiyo ni pawa saplai inajilinda, imeona shoti au mzigo usio wa kawaida mahali fulani ikajifunga, na kuizima nyuma ndiyo kuifungua. Prosesa isiyotambulika haifanyi hivyo, ile inaacha feni zizunguke na skrini inabaki nyeusi. Kwa hiyo usikimbilie kununua chochote kwanza.

Nina swali moja na nijibu kwa uhakika, usikisie. Nyaya za SATA, zile bapa zinazopeleka umeme kwenye hadi diski, umetumia zilizokuja na pawa saplai mpya au umeacha za zamani?

nuru_k
Nimeacha za zamani mzee wangu. Zilikuwa zimeshapitishwa nyuma ya bodi na kufungwa vizuri, na upande wa pawa saplai ziliingia zenyewe bila kulazimisha, nikaona kufungua zote ni kazi bure. Ya pini 24, ya prosesa na ya kadi ya picha ndio nimetumia mpya kwa sababu za zamani zilikuwa fupi. Kwani zina tofauti?

mzee_wa_volti
Chomoa umeme ukutani sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Zina tofauti, na ndiyo kosa linaloua diski nyingi katika kubadilisha pawa saplai. Upande unaoingia kwenye hadi diski umepangwa kwa viwango, ni ule ule duniani kote, ndiyo maana diski yoyote inaingia. Lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango chochote, kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kutoka modeli hii hadi ile. Plastiki inafanana, inaingia, inalia klik, lakini pale palipotakiwa kutoka volti 5 panatoka 12. Kuingia kwake hakuthibitishi chochote.

Sasa tusikate tamaa. Chomoa hizo nyaya za SATA pande zote mbili, kwenye diski na kwenye pawa saplai, ziweke kwenye mfuko uandike juu yake ni za ipi. Hadi diski itoe kabisa iweke kando, usiijaribu tena hata kwa waya sahihi mpaka tuongee. Kisha mashine ibaki na vitu vya lazima tu: bodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kadi ya picha na waya wa skrini uingie kwenye kadi ya picha. Washa uniambie.

mshumaa_2
Naongezea hapo kwenye skrini, Ryzen 5 2600 na 5600 zote hazina picha ndani yake, ukichomeka skrini kwenye bodi hutaona kitu hata kama kila kitu ni kizima. Mimi nilipoteza siku nzima kwa hilo.

nuru_k
Mzee mikono inatetemeka lakini nimefanya. INAZUNGUKA! Feni zote zinazunguka na hazisimami. Ila skrini nyeusi kabisa, inasema hakuna mawimbi, na kwenye bodi kuna taa ndogo nyekundu imewaka pembeni ya neno CPU. Kwa hiyo kasi16 alikuwa sahihi kwamba prosesa imekufa?

kasi16
Hapana mkuu nadhani nilisema haraka, ngoja wanaojua zaidi waseme.

mshumaa_2
Hapo umetoka kwenye tatizo la kwanza umeingia la pili, na ni afadhali kuliko la kwanza. Hizo taa ndogo huwa nne, CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia), bodi inapowaka inakagua kimoja kimoja na inasimama pale inapokwama. Ikisimama kwenye CPU haimaanishi imekufa, inamaanisha bodi haijaweza kuongea nayo.

Niambie BIOS yako, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, ni ya mwaka gani, uliwahi kuiapdeti? B450 zimetoka 2018, Ryzen za 5000 zimeanza kutoka Novemba 2020, na AMD walisema bodi za familia ya 400 zingeanza kupata BIOS za kuzipokea Januari 2021. Bodi yenye BIOS ya kabla ya hapo haijui kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa 5600, unaweka prosesa nzima kabisa na bodi inaitazama kama mgeni asiye na jina.

nuru_k
Sijawahi kuigusa BIOS tangu nilipoinunua, mwanzoni mwa 2019.

mshumaa_2
Basi ndiyo hiyo. Angalia nyuma ya bodi kwenye matundu ya USB kama kuna kitufe kidogo kimeandikwa Flashback au Flash BIOS, bodi zenye hicho unaapdeti hata bila prosesa, unachomeka flashi kwenye tundu lake maalumu unakibonyeza. Kama hakipo, prosesa ya zamani bado unayo?

nuru_k
Kitufe hakuna. Ya zamani ninayo, nimeiweka kwenye kile kiboksi cha plastiki cha mpya.

waya_mweusi
Kabla hajarudisha ya zamani si ajaribu kwanza kutoa ile betri ya bodi, CR2032, asubiri dakika 5 airudishe? Kwangu iliwahi kusaidia.

mshumaa_2
Inasaidia kama tatizo ni mipangilio, mfano RAM iliwekewa kasi ambayo haiwezi. Haina gharama, ajaribu. Lakini betri inafuta mipangilio tu, BIOS yenyewe inabaki ile ile ya 2019, na ya 2019 haitajifunza prosesa iliyotoka baada yake kwa kutolewa betri.

nuru_k sikiliza hapa kwenye kutoa feni ya prosesa. Soketi ya AM4 inashika pini kwa kubana tu, haina kifuniko cha chuma juu yake, na pesti inaweza kuwa imeshikana kama gundi. Ukivuta feni moja kwa moja kwenda juu prosesa inakuja nayo ikiwa soketi bado imefungwa, na hapo ndipo pini zinapinda. Legeza skrubu zote, zungusha feni kushoto kulia kidogo kidogo mpaka usikie imeachia, ndipo uinue. Futa pesti ya zamani, paka mpya kiasi cha punje ya mchele mmoja mnene hivi, basi.

Ukishawaka na 2600 ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta jina la bodi yako mpaka herufi ya mwisho na toleo lake, maana jina linaweza kufanana na faili likawa la bodi nyingine. Soma na maelezo yaliyo chini ya faili, kuna bodi ambazo zinakutaka upite kwanza toleo la katikati, huruki moja kwa moja hadi la mwisho. Weka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ingia BIOS, tumia chombo chao cha kuapdeti cha humo humo ndani, sio cha Windows. Na wakati inaapdeti usiguse chochote, umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiwake tena, kwa hiyo kama umeme wako unayumba subiri saa ambayo umetulia.

nuru_k
Betri nimejaribu, taa ya CPU imebaki pale pale. Sasa nimerudisha 2600 na IMEWAKA, nimeona nembo, Windows imefunguka, nimekaa nikaitazama tu kwa muda. Toleo la BIOS limeandikwa la 2019 kweli. Nimeshapata faili, kuna moja la katikati kama ulivyosema, nitaapdeti usiku umeme ukitulia.

Lakini mzee wa volti, kuhusu diski sijalala. Niambie ukweli.

mzee_wa_volti
Ukweli ni kwamba sijui mpaka ipimwe, ila kuna jambo linalonipa matumaini na nitalieleza. Kwenye bodi ndogo ya kijani iliyo chini ya hadi diski nyingi, karibu kabisa na tundu la umeme, kuna diodi mbili za kinga, moja ya njia ya volti 5 na nyingine ya volti 12. Volti ikizidi, diodi inajitoa mhanga, inajifunga yenyewe na kuwa shoti ili ule umeme upite kwake kwenda chini usiingie kwenye diski. Na diodi ikishakuwa shoti, pawa saplai inaona shoti, inazima. Unaona sasa? Ile kushtuka nusu sekunde uliyoilaumu tangu jana huenda ndiyo diski yako ilikuwa inajitetea. Ingekuwa imeungua moja kwa moja pengine pawa saplai ingewaka kama kawaida na wewe ungesikia harufu.

Kama una multimita, diski ikiwa haijaunganishwa popote, iweke kwenye kipimo cha mlio, gusa ncha mbili za kila diodi, kisha geuza upande. Ikilia pande zote mbili imekufa ikiwa shoti. Kama diodi hazionekani bodi imegeuzwa, utahitaji bisibisi ya nyota ndogo, T6 mara nyingi, kuitoa.

Diodi iliyokufa ikitolewa tu, bila hata kuwekewa nyingine, diski nyingi huzunguka tena. Lakini hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye picha za mama yako. Mpelekee fundi wa simu au wa bodi mwenye mashine ya hewa moto, ni kazi ya dakika chache kwake, au kama huna amani nenda kwa watu wa kuokoa data. Na mtu akikuambia abadilishe ile bodi ya kijani na ya diski nyingine inayofanana, mkatalie, kwa sababu bodi hiyo ina chipu ndogo yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, bila kuihamisha chipu hiyo diski haisomeki.

kasi16
Nimejifunza kitu hapa, mimi mwenyewe nina mfuko wa nyaya za pawa saplai tatu tofauti zimechanganyika. Je kuna njia ya kujua waya ni salama kabla ya kuuchomeka kwenye kitu?

mzee_wa_volti
Njia ya uhakika ni kutumia zilizokuja na pawa saplai yenyewe, basi. Kama huna, watengenezaji wengine huweka jedwali la waya gani unakubali modeli gani, fuata hilo neno kwa neno.

Ukitaka kupima, pawa saplai iwe peke yake mezani haijaunganishwa na bodi wala diski. Kwenye plagi ya pini 24 unganisha pini ya 16, waya wake ni wa kijani kwenye nyaya za rangi, na waya wowote mweusi, kwa kipande cha waya, ndipo uwashe swichi ya nyuma, feni yake itazunguka ingawa nyingine feni zake hukaa kimya mpaka zipate joto. Kisha pima kwenye plagi kubwa ya pini 4 ya zamani, Molex, ndiyo rahisi: nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25, njano kati ya 11.4 na 12.6. Hiyo ni asilimia 5 juu na chini. Ila rangi zenyewe usiziamini, nyaya nyingi siku hizi ni nyeusi zote, kwa hiyo ujue nafasi ya pini na sio rangi. Kwenye SATA pini ni nyembamba, ncha ya mita inaweza kugusa mbili ukazalisha shoti nyingine, kama mkono hautulii acha.

nuru_k
Wakuu nimerudi baada ya siku tatu. BIOS imeapdetiwa, zote mbili, ya katikati na ya mwisho, nikaweka 5600, mara ya kwanza ikakaa kama dakika moja skrini nyeusi nikataka kulia, halafu ikatoa maandishi meupe yanasema kuna CPU mpya na fTPM imebadilika, nibonyeze Y au N. Nimeiacha hapo hapo sijagusa. Nibonyeze ipi?

mshumaa_2
Vizuri hujagusa. N kwa sasa. Y inafuta funguo zilizohifadhiwa kwenye fTPM, ile sehemu ya prosesa inayotunza funguo za siri, na kama diski yako ya Windows imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, bila wewe kujua, ukishafuta itakudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 na bila huo humo ndani huingii. Bonyeza N, ingia Windows, tafuta mipangilio ya BitLocker uone imewashwa au la. Ikikudai ufunguo hata ulipobonyeza N, rudisha 2600 kwanza utoe ufunguo ukiwa ndani. Kama imezimwa, mara nyingine ikiuliza bonyeza Y na usihangaike tena.

nuru_k
Imezimwa. Nimewasha upya nikabonyeza Y, imefunguka. RAM inaonekana 16GB, nimeweka vijiti tundu la pili na la nne. Inaruka kweli, sikuwahi kuiona hivi.

Na diski. Nilipima, diodi ya upande wa volti 5 ililia pande zote mbili, ya 12 haikulia. Nikampelekea fundi mmoja wa bodi za simu, nikamwonyesha maneno ya mzee hapa kwenye simu yangu, akasoma, akaitoa, akaniambia nisiiache diski hiyo ikifanya kazi maana kinga imeondoka. Nyumbani nimetumia waya mpya wa pawa saplai mpya, nilipobonyeza kitufe nimeweka sikio kwenye kasha nikaisikia inaanza kuzunguka.

Foda zote zimo. Nimezihamishia kwenye diski ya nje, imechukua muda wa karibu saa 2, na nyingine naandaa nimpe dada yangu akae nayo kwake. Mzee wa volti kuna picha moja ya mama amekaa mlangoni anachambua mboga, ndiyo niliyoifungua ya kwanza.

mzee_wa_volti
Alhamdulillahi. Hizo nyaya za zamani zirudishe kwenye boksi la pawa saplai ya zamani uzifunge pamoja, asije mtu mwingine wa nyumbani akazichukua.

kasi16
Mfuko wangu nimeumwaga wote sakafuni, naanza kuzitenga sasa hivi.